Maji Hupungua, Kilichomo Hubaki

Somo kwa wafugaji wa Usinge na vijiji jirani: namna ya kukinga mifugo na familia dhidi ya maji mabaya ya kiangazi



Mvua zetu za Tabora hukoma Aprili au Mei. Kuanzia hapo hadi Novemba mifugo yako inategemea lambo, kisima kifupi au dimbwi lililobaki mtoni. Kila mfugaji anajua shida ya maji kuwa machache. Somo hili linahusu shida nyingine isiyoonekana upesi: maji yanapopungua, yanabadilika pia. Lambo lililonywesha ng'ombe wako salama mwezi Juni linaweza kuwaua ng'ombe walewale mwezi Oktoba, bila mtu kutia kitu kipya ndani yake.

Baada ya somo hili wewe na familia yako mtaweza:

- kueleza kwa nini maji ya mwisho wa kiangazi ni ya hatari kuliko ya mwanzo;
- kutambua hatari nne kubwa katika maji ya mifugo;
- kufanya vipimo viwili kwa chupa na kijiti;
- kupanga unyweshaji ili maji yadumu yakiwa safi;
- kujua la kufanya, na la kutofanya, mnyama anapougua au kufa ghafla.

1. Funzo kutoka Uvinza

Ukipanda treni hapa Usinge kwenda Kigoma, utapita Nguruka na kufika Uvinza. Pale kuna chemchemi za maji ya chumvi, na watu wamekuwa wakichemsha maji yake kupata chumvi tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Wakati wa misafara, chumvi ya Uvinza ilibebwa vichwani hadi Ujiji na Unyanyembe.

Kazi ile ni rahisi kueleza. Maji huwekwa chunguni, moto huwashwa, maji hupanda na mvuke, chumvi hubaki. Mvuke hauondoki na chumvi.

Lambo lako wakati wa kiangazi ni chungu cha Uvinza, na moto wake ni jua. Tufanye hesabu. Chukua madebe 10 ya maji yenye vijiko 10 vya chumvi. Kila debe lina kijiko kimoja, na ng'ombe hatajali. Jua likikausha madebe 9, debe moja lililobaki lina vijiko vyote 10. Hakuna aliyeongeza chumvi, lakini maji yamekuwa makali mara 10.

Zingatia tofauti hii. Ng'ombe akinywa debe moja na kuondoka, amechukua maji pamoja na kilichomo. Jua huchukua maji matupu. Na ng'ombe akisimama ndani ya lambo akanywa, kisha akakojoa na kunya humohumo, amechukua maji na kurudisha uchafu. Ndiyo maana namna ya kunywesha ina uzito sawa na wingi wa maji.

2. Hatari nne

*Hatari ya kwanza: chumvi*

Maji yote ya ardhini yana chumvi za aina mbalimbali, si ile ya mezani tu. Wataalamu huzipima kwa kifaa kidogo kinachoingizwa majini na kuonyesha namba kwa kipimo cha mikrosimensi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, limetoa mwongozo huu kwa maji ya mifugo:

- Chini ya 1,500: mazuri sana kwa mifugo yote.
- 1,500 hadi 5,000: yanafaa. Mifugo isiyoyazoea inaweza kuhara kidogo mwanzoni.
- 5,000 hadi 8,000: ng'ombe, mbuzi na kondoo wanaweza kunywa, ila hayawafai kuku.
- 8,000 hadi 11,000: tahadhari. Usiwape wenye mimba, wanaonyonyesha wala ndama.
- 11,000 hadi 16,000: hatari kubwa. Tafuta maji mengine.
- Zaidi ya 16,000: usinyweshe kabisa.

Dalili za chumvi nyingi ni kuhara, kukonda, kupungua kwa maziwa, kisha kuyumba, kutoona vizuri na kutetemeka. Mnyama aliyekaa na kiu siku nyingi, au aliyekuwa akinywa maji ya chumvi, usimwachie maji baridi anywe hadi atosheke kwa mara moja. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, maana ubongo wake unaweza kuvimba akafa.

*Hatari ya pili: samadi, mkojo na mbolea*

Samadi, mkojo na mbolea za dukani zote zina naitrojeni. Ikifika majini hugeuka kuwa naitreti. Naitreti haina rangi, harufu wala ladha. Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo na bado yakawa nayo.

Ndani ya tumbo kubwa la ng'ombe, mbuzi na kondoo kuna vijidudu vinavyosaidia kuyeyusha majani. Vijidudu hivyo hubadilisha naitreti kuwa naitraiti, ambayo ni kali zaidi. Naitraiti ikiingia kwenye damu huizuia kubeba hewa. Mnyama anavuta pumzi, kifua kinapanda na kushuka, lakini hewa haifiki mwilini. Damu yake hugeuka rangi ya kahawia iliyoiva. Ufizi na utando wa macho huwa wa kahawia au bluu. Huhema haraka, huyumba, huanguka, na anaweza kufa ndani ya saa chache. Wenye mimba wanaweza kutupa.

Maabara ikikupa majibu ya naitreti kwa miligramu katika lita moja, yasome hivi:

- 0 hadi 44: salama kwa mifugo.
- 45 hadi 132: salama kwa kawaida, kama malisho ni mazuri.
- 133 hadi 220: yanaweza kudhuru yakinywewa muda mrefu.
- 221 na zaidi: mifugo inaweza kufa.

Kwa binadamu, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50.

Hapa kwetu naitreti ina njia tatu za kufika majini. Ya kwanza ni zizi lililo juu ya kisima: mvua ya kwanza ya Novemba husomba samadi ya kiangazi kizima na kuishusha. Ya pili ni mifugo kusimama ndani ya lambo. Ya tatu ni mashamba ya tumbaku na mahindi yanayotiwa NPK na CAN. Mifuko mitupu ya mbolea usiiache porini, maana ng'ombe wanaotamani chumvi huilamba. Na usiwanyweshe kwenye pipa lililotumika kuchanganyia mbolea.

*Hatari ya tatu: mwani wa bluu-kijani*

Maji yakiwa yametulia, ya moto na yenye samadi nyingi, mwani hustawi. Mwani mwingi hauna madhara. Lakini upo unaoitwa mwani wa bluu-kijani, ambao aina zake kadhaa hutoa sumu. Hutanda juu ya maji kama rangi ya ukutani iliyomwagika, ya kijani, ya bluu au ya kahawia. Upepo huusukuma kando, na ile kando inayopokea upepo ndiyo yenye sumu nyingi zaidi. Lambo moja linaweza kuwa salama asubuhi upande mmoja na kuua upande wa pili.

Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1878, George Francis wa Adelaide, Australia, aliandika kwamba kondoo, farasi, mbwa na nguruwe walikuwa wakifa baada ya kunywa maji ya ziwa Alexandrina yaliyotanda mwani. Ili kuhakikisha, alimnywesha kondoo mwani ule, na kondoo akafa. Mwaka 2020 zaidi ya tembo 300 walikufa Botswana, na serikali yao ikatangaza kwamba chanzo ni sumu ya mwani wa namna hii kwenye madimbwi. Hapa Tanzania, watafiti wameikuta sumu ya mwani huo katika Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria.

Sumu nyingine hupiga mishipa ya fahamu: mnyama hutetemeka, hushindwa kupumua na hufa karibu na maji ndani ya dakika au saa. Nyingine hupiga ini: mnyama hudhoofika, huacha kula, na siku chache baadaye ngozi isiyo na rangi, kama puani na kwenye chuchu, huungua kwa jua.

Usimwage dawa ya kuua mwani. Mwani ukifa wote kwa pamoja huachia majini sumu iliyokuwa ndani yake, na maji huwa mabaya kuliko mwanzo.

*Hatari ya nne: dawa za mashamba na za josho*

Bomba la kupulizia tumbaku likioshwa lamboni, dawa inabaki lamboni. Baadhi ya dawa za wadudu humfanya mnyama atoe mate na machozi mengi, ahare, misuli icheze na pumzi ikatike. Dawa za kupe zenye saipametrini huua samaki na wadudu wa majini hata zikiwa kidogo. Kwa hiyo ukikuta samaki au vyura wengi wameelea ghafla, usisubiri: ondoa mifugo.

Jambo moja zaidi kuhusu majosho. Miaka ya ukoloni, majosho mengi ya Afrika Mashariki yalitumia aseniki. Aseniki haiozi wala haichakai. Inaweza kukaa ardhini miaka mingi. Usichimbe kisima wala usijenge zizi penye josho la zamani, hata kama limeota majani.

3. Vipimo viwili vya nyumbani

*Kipimo cha kijiti.* Chukua kijiti kirefu, kipitishe kwenye ule ukijani ulio juu ya maji. Kikitoka na nyuzi ndefu kama nywele zilizolowa, huo ni mwani wa kawaida. Kikitoka kimepakwa kama kimechovywa kwenye rangi, shuku mwani wa bluu-kijani.

*Kipimo cha chupa.* Jaza chupa safi ya kuonekana ndani kwa maji ya lambo hadi robo tatu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, usiyaguse maji. Ifunge, iweke mahali pasipotikiswa usiku kucha. Asubuhi itazame bila kuitikisa. Ukijani ukiwa umezama chini, ni mwani wa kawaida. Ukiwa umepanda na kufanya utepe juu, shuku ule wa sumu na usinyweshe hapo.

Vipimo hivi vinakupa onyo, havikupi hakikisho. Naitreti, chumvi na dawa haviwezi kuonekana kwa macho, vinahitaji maabara. Ng'ombe naye ana kipimo chake. Utafiti wa Alberta, Kanada, uliotolewa mwaka 2002, ulionyesha kwamba ng'ombe akipewa nafasi ya kuchagua huyakwepa maji yenye gramu 5 tu za samadi mbichi katika lita 100. Kundi likifika majini, likanusa na kusita, usilipige fimbo liingie. Tafuta kwanza linasita nini.

4. Kuchukua maji ya kupima

1. Tumia chupa safi ya maji ya kunywa. Usitumie iliyowahi kuwa na soda, mafuta au dawa.
2. Isuuze mara tatu kwa maji yaleyale unayotaka kupima.
3. Chota pale mifugo inaponywea, kina cha mkono, si juu juu.
4. Jaza hadi mdomoni, funga, andika jina la lambo, tarehe na saa.
5. Iweke kivulini, ifungwe kwa kitambaa kibichi, ifike kwa mtaalamu ndani ya saa 24.

Mpelekee afisa mifugo wa kata, au ofisi ya RUWASA ya wilaya. Wao wanajua njia ya kuifikisha katika maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji. Kwa mnyama aliyekufa, Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, ana kituo Tabora. Gharama wafugaji wa lambo moja wanaweza kuchangia. Wakati mzuri ni mara mbili kwa mwaka: Agosti, maji yanapoanza kupungua, na Desemba, baada ya mvua kusomba uchafu.

5. Kinga: mtoe ng'ombe majini

Kama utachukua jambo moja tu katika somo hili, chukua hili: maji yamfuate ng'ombe, ng'ombe asiyafuate maji ndani. Zungushia lambo miiba, na mnyweshee kwenye birika lililo nje.

Katika utafiti uleule wa Alberta, ndama ambao mama zao walikunywa maji safi waliongezeka uzito kwa asilimia 9 zaidi ya wale ambao mama zao walikunywa moja kwa moja bwawani. Chanzo si muujiza: ng'ombe anayekunywa vizuri anakula vizuri, na anayekula vizuri ananyonyesha vizuri.

Tunajua kazi ilivyo. Ng'ombe mkubwa hunywa kati ya lita 20 na 40 kwa siku. Ng'ombe 30 wakinywa lita 30 kila mmoja ni lita 900, yaani madebe 45. Hakuna familia itakayochota hivyo kila siku kwa mikono mitupu. Kwa hiyo panga kwa hatua:

- *Hatua ya kwanza.* Chota kwa ajili ya ndama, wenye mimba, wanaokamuliwa na wagonjwa tu. Hao ndio wanaodhurika upesi. Nusu pipa linatosha kuanzia, mradi halikuwa la dawa.
- *Hatua ya pili.* Funga lambo kwa miiba pande zote na acha mlango mmoja, sakafu yake iwe ya mawe. Ng'ombe wainamishe shingo wanywe, wasiogelee. Waingie kwa zamu, wachache wachache.
- *Hatua ya tatu.* Changeni kikundi mnunue pampu ya kukanyaga au ya mafuta, mjenge birika la saruji upande wa chini wa lambo, hatua 30 au zaidi, ili uchafu wa pale usirudi lamboni.

Pamoja na hayo: zizi liwe upande wa chini wa maji. Samadi iondolewe kabla ya Novemba ipelekwe shambani. Acha ukanda wa nyasi kuzunguka lambo, maana nyasi huchuja kinachosombwa. Mabomba ya dawa yaoshwe shambani, kamwe si majini. Kwa wenye lambo la pamoja, jambo hili liwe sheria ya kijiji, yenye faini. Jirani mmoja anayeosha bomba anatosha kuharibu maji ya kaya 50.

6. Mnyama akiugua au akifa ghafla

1. Ondoa kundi lote majini mara moja, hata kama kafa mmoja.
2. Usiwakimbize. Mnyama mwenye sumu ya naitreti akikimbizwa huanguka. Wapeleke taratibu kivulini.
3. Mpigie afisa mifugo. Mweleze dalili, saa walipokunywa, na rangi ya ufizi. Sumu ya naitreti na sumu ya baadhi ya dawa za wadudu zina tiba, lakini ni sindano za mtaalamu na zinawahi kwa saa chache tu.
4. Chukua maji ya kupima siku hiyohiyo. Baada ya siku tatu maji si yaleyale.
5. Usichinje mnyama anayekata roho ili kuokoa nyama. Sumu iliyomo hailiki.
6. Usipasue mzoga aliyekufa ghafla, hasa akitoka damu nyeusi isiyoganda puani, mdomoni au nyuma. Inaweza kuwa kimeta, na kimeta huua watu. Ufunike, zuia mbwa, subiri mtaalamu.

7. Maji ya nyumbani

Maji yanayowadhuru ng'ombe huchotwa pia na mama kwa ajili ya chakula. Kuchemsha ni lazima, maana huua vijidudu vya kuhara na homa ya matumbo. Lakini kumbuka chungu cha Uvinza: kuchemsha hakuondoi chumvi, naitreti wala dawa, na maji yakipungua sufuriani huzidi makali. Sumu ya mwani nayo haifi kwa kuchemsha.

Anayedhurika kwanza na naitreti ni mtoto mchanga. Damu yake hushindwa kubeba hewa kama ya ng'ombe, na midomo na kucha hugeuka bluu. Mtoto chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Akionyesha rangi hiyo, apelekwe zahanati hapohapo.

Kisima cha nyumbani kiwe na ukingo na mfuniko, na kiwe juu ya zizi na choo, umbali wa mita 30 au zaidi.

8. Maswali ya kujadili nyumbani

- Lambo tunalotumia, upepo wa kiangazi unasukuma maji upande gani? Ng'ombe wetu wananywea upande upi?
- Zizi letu liko juu au chini ya kisima?
- Nani kati yetu huenda na mifugo? Je, kijana huyo anajua kipimo cha kijiti, na anayo namba ya simu ya afisa mifugo?
- Mwaka jana ni ng'ombe wangapi walitupa mimba au kuhara Septemba na Oktoba? Walikuwa wakinywa wapi?

Swali la mwisho lijibiwe kwa daftari. Andika tarehe, mnyama, dalili na mahali alipokunywa. Kiangazi kimoja cha kuandika kitamwonyesha mtaalamu wa kuanzia, na kitakuonyesha wewe ni lambo lipi la kuacha kabla halijakauka.